Risasi katika Damu ya Mtoto: Maswali ya Kuulizwa katika Kituo cha Malezi

Mtoto wa miaka miwili anapofikishwa zahanati akiwa amepauka, hana hamu ya kula, analalamika tumbo na amekuwa mkali bila sababu, mhudumu wa afya katika wilaya yetu huanza kwa kupima malaria. Ndivyo inavyopaswa. Kibiti na ukanda wote wa bonde la Rufiji ni eneo la malaria, na kuchelewa kuipima ni kuhatarisha uhai. Kipimo kikionesha kuwa hakuna vimelea, hufuata minyoo, kisha upungufu wa damu. Mtoto hupewa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza madini ya chuma, na mama huelekezwa kurudi baada ya muda. Watoto walio wengi hupona. Somo la toleo hili linamhusu yule asiyepona, ambaye mama yake hurudi mara ya tatu na ya nne akiwa na kadi iliyojaa maandishi.

Miongoni mwa mambo yanayoweza kumfikisha mtoto katika hali hiyo ni sumu ya madini ya risasi. Neno lenyewe linahitaji maelezo, hasa hapa kwetu. Likitamkwa Kibiti, humkumbusha mtu bunduki, na wapo wasomaji wenye sababu nzito za kutolipenda. Risasi inayozungumzwa hapa ni chuma chenyewe: laini, kizito, cha rangi ya kijivu, ambacho wavuvi wa delta hukifunga kwenye nyavu na mishipi kuwa chubwi, na ambacho kimo ndani ya kila betri ya gari ya kawaida na betri nyingi zinazohifadhi umeme wa jua. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Wepesi huo wa kuyeyuka na uzito wake ndivyo vilivyoifanya ipendwe na wavuvi, na ndivyo vilivyoiingiza katika nyua za nyumba zetu.

Risasi haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Mwili, hata hivyo, hauitambui kuwa ni adui. Huichukulia kana kwamba ni kalsiamu au madini ya chuma, na kuipitisha katika milango ileile. Mtoto mwenye njaa, au mwenye upungufu wa madini ya chuma, milango hiyo huwa wazi zaidi, hivyo hufyonza risasi nyingi kuliko mwenzake aliyeshiba. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Ongeza hapo tabia ya umri wake: hutambaa, huokota, hupeleka mkono mdomoni mara nyingi kwa siku. Mtu mzima aliyesimama katika ua huo huo hapati hata sehemu ndogo ya vumbi analolipata mtoto aliyeketi chini.

Ikishaingia katika damu, risasi huzuia utengenezaji wa chembe nyekundu, na hapo ndipo upungufu wa damu unapotokea. Hufika kwenye ubongo unaokua na kuvuruga ukuaji wake. Baada ya wiki kadhaa sehemu kubwa huhama kutoka katika damu na kujificha mifupani, ambako hukaa kwa miaka mingi. Binti aliyeihifadhi mifupani tangu utotoni huweza kumrithisha mwanawe: anapopata ujauzito, mwili huchota kalsiamu mifupani kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Kiasi kikiwa kikubwa sana, mtoto hupata degedege, hupoteza fahamu na huweza kufariki. Kiasi kidogo hakimlazi kitandani. Humfanya awe mzito wa kujifunza, asiyetulia darasani, asiyeweza kufuata somo hadi mwisho. Mwalimu humwita mtukutu au mvivu. Madhara hayo ya ubongo, kwa sehemu kubwa, hayarudi nyuma hata risasi ikiondoka katika damu.

Tukio lililo karibu nasi zaidi limetokea katika pwani hiihii, mjini Mombasa. Katika makazi ya Owino Uhuru kulijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Moshi ulishukia mapaa ya mabati, maji machafu yalipita kati ya nyumba, na watoto walicheza humo. Mmoja wa waajiriwa wa kiwanda hicho alikuwa Phyllis Omido. Mwanawe mchanga aliugua, akalazwa, akapimwa malaria na homa ya matumbo, na majibu hayakueleza chochote. Ilipopendekezwa apimwe risasi, jibu lilipatikana. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuhimiza watoto wengine wa mtaa wapimwe, na majibu yao yakaonesha kwamba mwanawe hakuwa peke yake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa zilifuata, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu ya Kenya iliporejesha uamuzi huo. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja kiwanda kilipofungwa alikuwa amefikisha miaka 11.

Msomaji wa visiwani atasema: sisi hatuna kiwanda. Ni kweli, na kwa hiyo tukio la pili linatuhusu hata zaidi, ingawa limetokea mbali, pwani ya Senegal. Katika kitongoji cha wavuvi cha Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar, wahunzi walikuwa kwa miaka mingi wakivunja betri za magari na kusubu risasi yake kuwa chubwi za nyavu. Hakukuwa na kiwanda wala bomba la moshi. Mabaki yalibaki mchangani. Bei ya risasi ilipopanda, wanawake wakaanza kuchekecha mchanga huo majumbani ili wauze vipande vilivyomo. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Mwaka 2010 jambo linalofanana na hilo lilitokea jimboni Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako familia zilisaga mawe ya dhahabu yenye risasi ndani ya nyua zao. Huko zaidi ya watoto 400 walifariki.

Hatusemi kwamba Kibiti kuna Thiaroye. Tunasema kwamba vitu vilivyosababisha Thiaroye, yaani betri chakavu, chubwi, mchanga na watoto wanaoucheza, hapa kwetu vipo.

Mwandishi wa makala haya aliongozana na timu ya ukaguzi wa vituo vya kulelea watoto katika mojawapo ya kata za delta. Safari ilitegemea maji: tuliondoka bamvua likijaa, tukajua kwamba tukichelewa tutalala huko. Kituo tulichofika ni ua wa nyumba ya bibi mmoja, anayewalea watoto kumi na watatu wakati mama zao wako kwenye mashamba ya mpunga au wanakwenda kununua kamba. Kuna mkeka, kuna kivuli cha mwembe, kuna mtungi wa maji wenye kifuniko. Ni kituo safi kuliko baadhi ya vile vya barabarani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila hapo usikae, hapo pana risasi za mjukuu wangu."

Mjukuu huyo ni mvuvi. Jioni, watoto wakishaondoka, huwasha moto, huweka vipande vya betri katika kopo, na risasi ikiyeyuka huimimina katika kalibu za mchanga aliyoufinyanga kando ya jiko. Asubuhi, juu ya mafiga hayohayo, bibi huinjika uji wa watoto. Majivu hufagiliwa upande wa mwembe.

Afisa afya tuliyekuwa naye alieleza hatari kwa upole. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo nimelisikia mahali pengi tangu siku hiyo: "Risasi tumeishika tangu zamani, baba yangu alikuwa nayo mtumbwini. Mbona hatukufa?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Kipande cha risasi kilichopozwa, kikikaa mtumbwini, hakitoi sumu nyingi kwa mwenye kukishika akanawa. Betri ni kitu kingine. Ndani yake risasi nyingi imo katika hali ya unga uliolowa tindikali, na unga huo ukikauka huwa vumbi jepesi linaloingia mwilini kwa urahisi. Kuyeyusha huongeza mvuke na majivu. Tena betri za namna hii hazikuwepo kisiwani wakati wa baba yake. Zimeletwa na umeme wa jua, neema ambayo hakuna anayetaka kuirudisha. Kuhusu kutokufa, kifo si kipimo cha madhara haya. Mtu huweza kuishi hadi uzee akiwa amepotezewa sehemu ya uwezo wake wa akili, na asiwepo wa kumwambia angekuwa nani.

"Basi niambieni," akasema bibi, "nizime moto upi, wa uji au wa nyavu?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Wala hatukuweza kumwambia kama watoto wale kumi na watatu wameathirika. Hakuna aliyeweza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapima.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Damu huchukuliwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni tone la kidoleni, kama la malaria. Ubaya wake ni kwamba kidole chenye vumbi la risasi huchafua tone, na majibu yakaonesha sumu iliyokuwa juu ya ngozi badala ya iliyomo mwilini. Ndiyo sababu mikono ya mtoto huoshwa kwa sabuni na maji mengi, ikakaushwa kwa kitu safi, na mtoto asiguse chochote kabla ya kutobolewa. Ya pili ni damu ya mshipa, ambayo haina tatizo hilo. Desturi ni kwamba jibu la kidoleni likiwa juu huthibitishwa kwa damu ya mshipa. Kipo kifaa kidogo cha mezani kinachotoa jibu ndani ya dakika tatu, lakini kifaa cha aina hiyo kinachotumika zaidi duniani kimetengenezwa kufanya kazi katika chumba chenye joto la nyuzi 15 hadi 27. Anayeijua Nyamisati mwezi Februari atatabasamu hapa. Bila chumba chenye kiyoyozi, kifaa hicho hakiaminiki.

Majibu huandikwa kwa mikrogramu kwa kila desilita moja ya damu. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 ana damu isiyozidi lita moja hivi. Akiwa na mikrogramu 5 kwa desilita, risasi yote iliyomo katika damu yake ni pungufu sana ya uzito wa punje moja ya sukari. Kwa kiasi hicho hicho kidogo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Marekani imeshusha kizingiti chake cha kuchukua hatua hadi 3.5. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, yuko juu ya 5, na walio wengi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wazazi wengi huuliza dawa. Dawa za kuivuta risasi kutoka mwilini zipo, na mwongozo huo unazielekeza hasa kwa watoto waliofikia mikrogramu 45 na kuendelea, chini ya uangalizi wa hospitali. Hazirudishi ubongo ulikokuwa. Wala hazina maana kwa mtoto anayerejeshwa katika ua uleule wenye majivu yaleyale. Katika ngazi zote, tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo, na ya pili ni chakula.

Nchi yetu haina mpango wa kupima risasi kwa kila mtoto, na kipimo hicho si sehemu ya vipimo vya kawaida vya zahanati. Kukipata kunahitaji rufaa, na sampuli kupelekwa kwenye maabara kubwa. Kwa mama wa Maparoni au Kiongoroni hilo ni boti, kisha gari, kisha malazi. Tungekuwa tunawadanganya wasomaji kama tungeandika kwamba kila mtoto apelekwe kupimwa kesho. Lipo jambo ambalo linawezekana, na nchi zenye mipango ya kupima nazo huanza nalo: kuuliza maswali ili kumtambua mtoto anayestahili kupewa rufaa hiyo kabla ya wengine.

Katika jimbo la New York nchini Marekani, kituo cha malezi kinapompokea mtoto mdogo hupaswa kumwomba mzazi cheti kinachoonesha kwamba mtoto amepimwa risasi. Mtoto asiye na cheti hafukuzwi. Mzazi hupewa maelezo kuhusu sumu hiyo na kuelekezwa mahali pa kupimia. Kipengele hicho cha kutomfukuza kinastahili kuigwa kabla ya kingine chochote. Mlezi atakayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu baba yake huvunja betri atakuwa amemrudisha kwenye betri.

Kwetu, vituo vya kulelea watoto mchana husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imeweka afya, lishe, na ulinzi na usalama katika nguzo zake tano. Mlezi tayari huandika jina, umri na chanjo. Anaweza, katika ukurasa huohuo wa daftari, kumuuliza mzazi mambo machache zaidi. Je, yupo mtu nyumbani au jirani anayevunja betri, anayesubu chubwi au anayechomelea na kutengeneza radieta? Nguo zake za kazi hufuliwa pamoja na za mtoto? Betri ya umeme wa jua imewekwa wapi, na ile iliyokufa ilikwenda wapi? Mtoto hula udongo? Mama alikula pemba wakati wa ujauzito, na bado anaila? Ukuta wa chumba anacholala una rangi ya mafuta inayobanduka? Hupakwa wanja? Mtoto amewahi kutibiwa upungufu wa damu ambao haukupona?

Swali la wanja linahitaji busara. Pwani yote, mtoto mchanga hupakwa wanja machoni au kwenye nyusi kwa uzuri na kwa kuzuia kijicho, na hakuna afisa wa halmashauri aliyetumwa kushindana na mila hiyo. Tatizo liko katika aina moja. Wanja wa manga, uliopewa jina hilo kwa sababu uliletwa kutoka Uarabuni, kwa kawaida ulikuwa jiwe jeusi lenye kumeta lililosagwa. Uchunguzi uliofanywa huko Oman na kwingineko umeonesha kwamba jiwe hilo mara nyingi ni madini ya risasi yenyewe. Mtoto hujifuta macho, kisha hulamba mkono. Wanja wa masizi, ambao bibi zetu waliutengeneza wenyewe kwa moshi wa taa, hauna jiwe hilo. Kwa kuwa huwezi kutofautisha unga mweusi na unga mweusi kwa macho, wanja wa dukani usiojulikana umetengenezwa kwa nini ni bora usikaribie jicho la mtoto.

Rangi za nyumba ni suala la mwenye kituo. Risasi hutiwa katika baadhi ya rangi za mafuta, hasa njano, nyekundu na kijani, ili zing'ae na zikauke haraka. Hizo ndizo rangi tunazopenda kuchorea wanyama na herufi kwenye kuta za watoto. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Anayenunua rangi kwa ajili ya kituo aulize alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania na asome kopo. Rangi ya zamani inayobanduka isiparuzwe ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, watoto wakiwa mbali. Sufuria nazo zitajwe kwa kifupi: zile zinazosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu vilivyochanganywa zimekutwa na risasi katika nchi kadhaa za Afrika, na vyakula vikali kama ukwaju na ndimu huitoa kwa wingi zaidi. Sufuria iliyowahi kuyeyushia risasi, hata mara moja, haiwezi kusafishwa ikawa ya uji.

Yapo mengi ambayo mlezi anaweza kuyafanya bila kusubiri fedha. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na kucha zikatwe. Sakafu ya saruji ipigwe deki kwa maji, kwani ufagio mkavu huinua vumbi na kulirudisha walipo watoto. Ua wa mchanga uliowahi kuwa na moto wa risasi ufunikwe kwa udongo safi uliotoka mbali na hapo, au kituo kihamie upande mwingine. Mvuvi asibane chubwi kwa meno, aoge na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kwa chakula, wilaya yetu si maskini hata kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na ufuta tunaoulima wenyewe vina kalsiamu. Kisamvu, matembele na maharage vina madini ya chuma. Embe, chungwa na papai husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Uji uliotiwa ufuta uliosagwa, ukifuatwa na kipande cha chungwa, huziba kwa kiasi milango ambayo risasi ingepitia. Mtoto asiingie mchezoni na tumbo tupu.

Jambo gumu zaidi ni betri iliyokufa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, ina bei, na mwenye nayo hataitupa kwa sababu gazeti limemwambia. Kisheria ni taka hatarishi, na ukusanyaji wake hutakiwa kufanywa na mwenye kibali. Kwa delta, mkusanyaji mwenye kibali yuko mbali na fundi wa kuivunja yuko jirani. Pendekezo tunalolifikisha kwa serikali za vijiji ni kwamba betri zikusanywe nzima, bila kufunguliwa, mahali pamoja palipoezekwa na penye kufuli, kisha zisafirishwe kwa boti hadi Nyamisati na kuuzwa kwa pamoja kwa mnunuzi anayetambulika. Betri nzima ina thamani kuliko iliyomwagwa tindikali. Mpango huu utafanikiwa tu ikiwa fedha zitamfikia mwenye betri bila kuchelewa. Ikiwa zitakaa ofisini, mafiga yatawashwa tena wiki ileile.

Mpaka tunakwenda mitamboni, bibi wa kituo kile amehamisha jiko la uji hadi upande wa pili wa nyumba, juu ya mafiga mapya. Mjukuu wake amekubali kusubu ufukweni, mbali na makazi, akitumia vipande vya risasi vilivyo tayari badala ya kuvunja betri, ingawa amelalamika kwamba ni ghali, na hakosei. Mlango wa betri tatu zilizokuwa chini ya kitanda umefungwa, ufunguo anao bibi. Mwembe umezungushiwa uzio wa makuti ili watoto wasifike kwenye udongo wa majivu, na mikeka imewekwa penye kivuli cha mkorosho.

Kati ya watoto kumi na watatu, wawili walikutwa na kadi zenye upungufu wa damu uliorudi baada ya matibabu. Wameandikiwa rufaa na wamesafiri na mama zao. Majibu hayajarudi. Mlezi yeyote mwenye mtoto wa aina hiyo katika daftari lake amwone mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu akiwa na kadi ya kliniki na majibu ya maswali yaliyotajwa hapo juu, au ampatie mtendaji wa kijiji ujumbe kwa ajili ya Idara ya Afya na Kitengo cha Ustawi wa Jamii.